Jinsi ya kuhakiki albamu ya chumbani bila kuhakiki chumba

Kwanza, toka nje ya chumba cha watu. Mhakiki akipewa albamu ya pop ya mtu mmoja aliyejirekodi nyumbani, aya tatu nzima humwishia kwenye kitanda, dirisha na paka, halafu nyimbo zenyewe zinabanwa mlangoni kama abiria wa daladala ya mwisho. Kitanda hakina kiitikio. Kipe nusu sentensi, usonge mbele.

Neno “halisi” lifungie kabatini mpaka umalize kuandika. Sauti ya kukwaruza haimfanyi mtu kuwa mkweli, na sauti safi haimfanyi mwongo.

Sasa isikilize, kwa hedifoni kwanza, kisha kwa spika ya simu jikoni huku sufuria ikichemka. Wimbo wa pop lazima uishinde sufuria. Usipoishinda, andika hivyo.

Kwenye kelele ndipo pa kukaa sana. Mwaka 1970 Paul McCartney alitoa albamu yenye jina lake, ambayo sehemu yake aliirekodi nyumbani London kwa mashine ya treki nne, akipiga ala zote mwenyewe. Katika wimbo wa kwanza, “The Lovely Linda”, unasikika mlango ukilia. Mlango huo ukiusikia, usikimbilie kuusifu wala kuulaani. Jiulize wimbo ungekuwaje bila huo mlango. Mimi ningeuacha, maana wimbo ni mfupi na unasikika kama nyumba yenye watu ndani. Kwenye wimbo mwingine ningeukata bila kusita.

Na usidhani kila anayerekodi nyumbani amekosa hela ya studio. Januari 1982, Bruce Springsteen alijirekodi nyumbani New Jersey kwa mashine ya kaseti ya treki nne, akitaka tu kuwaonyesha wenzake nyimbo mpya. Bendi ikazijaribu studio, na kaseti ikawashinda wote. Ndiyo iliyotoka Septemba mwaka huo kwa jina la “Nebraska”. Si pop, lakini asiyeijua asiguse albamu ya chumbani.

Kisha chunguza besi na ngoma. Mtu mmoja akizipiga zote, hakuna wa kumbishia. Ngoma hufuata gitaa kwa adabu mno, wimbo ukakosa ugomvi unaoupa uhai. Akifanikiwa kugombana na nafsi yake, hapo msifu kwa herufi kubwa, kwa sababu ni kazi ngumu kuliko zote.

Usimuulize msanii albamu ya pili lini. Emitt Rhodes wa Hawthorne, California, alirekodi albamu ya pop nzuri sana kwenye kibanda nyuma ya nyumba ya wazazi wake, nayo ikatoka mwaka 1970. Mkataba ukamtaka atoe albamu kila miezi sita. Mtu anayepiga kila ala, anayeimba kila sauti na kurekodi kila treki hawezi mwendo huo. Alipochelewa, kampuni ikamshtaki.

Mwisho, ficha nyota za huruma. Kama kiitikio cha wimbo wa nne kimechelewa, sema kimechelewa, taja na dakika. Msanii alikesha nao peke yake, na huenda wewe ndiye mtu wa kwanza kumwambia.