Wakopeshaji wa Barabara

Tangu 2019 Kinshasa imekuwa ikiuza hati fungani: mwenye pesa anaikopesha serikali, kesho anarudishiwa na faida juu. Kenya ilianza kuuza za miundombinu mwaka 2009. Jamani, sisi wa Fizi na Baraka tulitangulia! Barabara ya Taifa namba 5, ile ya Uvira kwenda Kalemie, tumeikopesha matairi, mihogo iliyoozea njiani na viuno vya abiria. Penye kila bariyeri ya kamba motari anachomoa faranga, akithubutu kudai risiti anaulizwa, "Papa, unatafuta shida?" Riba tunalipwa kwa mashimo, nayo haijawahi kuchelewa, hasa Novemba mvua ikishakolea. Wawekezaji wa Kinshasa wanakaribishwa, waje na gambuti.