Shangazi, Rudisheni Mbuzi

Shikamoo Shangazi,

Nimepiga magoti na kupiga makofi kama mlivyonilea, hapahapa chumbani kwangu ghorofa ya tatu, na jirani ameshagonga ukuta mara mbili. Salamu zilizobaki nitazimalizia siku nikifika kwetu Kitanga, ambako mtu anaweza kusalimia mpaka chai ikapoa na asishtakiwe.

Naandika kwa haraka. Nimepata ujumbe kwamba mmekopa mbuzi wawili na ndizi za pombe zimeshakamuliwa. Shangazi, rudisheni mbuzi. Pombe inyweni tu, haina kosa.

Kosa lilianzia kwenye simu ile ya Jumamosi. Ilikuwa inakatikakatika, na ndimi zetu sisi Waha unazijua zinavyozichanganya r na l. Mimi nilisema, "Siku hizi kila mchana nakaa bustanini na mwari." Wewe ukasikia mwali. Ukapiga kigelegele, nami nikadhani unawapenda ndege kama mimi.

Ukaniuliza ni wa kabila gani. Nikajibu kweli tupu: ukoo wao uliletwa kutoka Urusi na balozi. Ukauliza kama ni mweupe. Mweupe, nikasema, mwenye wekundu kidogo kwa mbali. Anafanya kazi gani? Hafanyi, analishwa samaki kila siku saa nane na nusu mchana, na mlango wa pili ni jumba la Mfalme. Hapo nilisikia ukimwita Baba Mkubwa aje asikilize. Ukauliza kuhusu sura, nikasema mdomo ni mrefu sana, na chini yake unaning'inia mfuko. Ukanyamaza kidogo, kisha ukasema kwa upole, "Mwanangu, utazoea."

Shangazi, mwari ni ndege. Ni yule mkubwa wa majini anayezoa samaki kwa mdomo kama mtu anayechota maji kwa karai. Hapa London wako katika bustani ya St James's Park. Wa kwanza walitolewa zawadi na balozi wa Urusi kwa Mfalme Charles wa Pili, mwaka 1664, na tangu hapo kila wakipungua huletwa wengine. Mimi nikitoka kusafisha ofisi asubuhi, nalala kidogo, kisha napita hapo kabla ya zamu ya jioni. Watu wamesimama kwa heshima kama wanasubiri ibada, na ndege mwenyewe anatembea katikati yao kama mwenyekiti wa kijiji. Lakini si mpole kama anavyoonekana. Mwaka 2006 mmoja wao alimkamata njiwa mbele ya watu wazima na watoto wao, akammeza mzimamzima huku njiwa anapiga mabawa ndani ya mfuko. Gazeti likaandika. Huyo ndiye mliyetaka kumchinjia mbuzi.

Na si mara ya kwanza tunaelewana hivi. Mwaka jana nilipoandika kwamba nimemaliza Jumapili nzima nikitazama korongo, Baba Mkubwa alijibu kuwa sikuhitaji kwenda Ulaya kwa hilo, mvua zikianza njia ya kwetu yote huwa makorongo, tena mengine yanameza pikipiki. Nilimaanisha ndege mwenye miguu mirefu, Baba Mkubwa, yule wa kijivu wa mabondeni kwetu. Ni yuleyule, hana tofauti. Katika bustani ya Regent's Park wametaga juu ya miti ya visiwani tangu 1968, katikati kabisa ya mji ambao mimi nalipa nusu ya mshahara kwa chumba kisichopitisha kitanda mlangoni. Wao wana kisiwa, na hakuna anayewadai kodi.

Ndoa yao niliipenda. Majira ya baridi hayajaisha, nami nimejifunga skafu mbili, dume anakwenda kutafuta kijiti. Anarudi nacho, anamkabidhi jike kwa kuinama. Jike anakigeuza, anakipima, anakichomeka kwenye kiota. Dume anakwenda tena. Nilihesabu safari tisa na jike hajasema ahsante hata mara moja. Nikawakumbuka wajomba zetu wakikagua ng'ombe wa mahari.

Pale ndipo nilipojiingiza matatani, na hili ndilo hasa ninaloomba mnisaidie. Aliketi karibu nami mzee mmoja wa Kiingereza, darubini shingoni, chupa ya chai mkononi. Akaniuliza natoka wapi. Tanzania. Upande gani? Kigoma. Nikajiandaa kusikia habari za sokwe wa Gombe, maana kila mtu hapa hana jingine. Mzee akaiweka chini chai yake. "Malagarasi!" akasema. "Umewahi kumwona domo-kiatu?"

Akanieleza. Ni ndege wa kijivu, kimo chake kama mtoto wa darasa la pili, mdomo mpana kama kiatu cha mbao. Husimama katikati ya mafunjo saa nyingi bila kutikisika, akimvizia kamongo atokeze kuvuta hewa. Akanieleza pia kwamba bonde letu la Malagarasi na Muyovozi, hekta zaidi ya milioni 3, ndilo lililokuwa la kwanza nchini kuingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu za dunia, mwaka 2000. Mimi, mtoto wa Kasulu, niliyekuwa nikitumwa kufukuza ndege shambani kwa kopo na jiwe, nayasikia haya kwenye benchi la London kutoka kwa mtu asiyejua hata ugali wa muhogo.

Aibu ikanishika. Nikamwambia nimemwona.

"Mara ngapi?"

Shangazi, nikasema mara mbili.

Mzee wa watu akatoa daftari, akaandika, macho yakamlengalenga. Kila Jumapili sasa ananiletea biskuti na kuniuliza kama nimepata ile picha niliyosema ipo kwa ndugu zangu nyumbani. Maana nilisema hivyo pia.

Basi mwambie binamu, yeye anafahamiana na wavuvi wa Malagarasi. Awaulize wanapomwona, apande mtumbwi pamoja nao, apige picha kwa simu akiwa mbali, asimrushie jiwe, wala asirudi naye akiwa mboga. Picha mbili, nguo tofauti, zionekane ni siku mbili. Nauli ya pikipiki na vocha nitatuma mwisho wa mwezi.

Mbuzi warudisheni leo.

Mwanenu,
London