Jinsi ya Kuugua Madaktari Wakiwa Wamegoma

Mwongozo huu ni wa Mkenya ambaye bado anaamini kwamba hospitali ya umma hufunguliwa kwa sababu kuna wagonjwa.

1. Chagua ugonjwa wenye subira. Mgomo ulioanza tarehe 5 Desemba 2016 ulidumu siku 100. Wa mwaka 2024 ulikwisha baada ya siku 56. Ule wa Kaunti ya Kiambu, 2025, ulifika siku 150. Ngiri huvumilia. Mfupa hauvumilii: hujiunga wenyewe, wima au kombo, bila kungoja Wizara. Mimba ndiyo korofi kabisa. Aliyekuwa na ya miezi saba Desemba ile alikuwa akinyonyesha madaktari waliporudi.

2. Tarehe iliyo kwenye kadi ya kliniki isikudanganye. Daktari bingwa wa msimu huu ni mlinzi wa getini. Mwite “afande”, hata kama sare ni ya kampuni. Atakuuliza, “Ni kujifungua ama ni kuumwa tu?” kisha akupe miadi mipya: “Mama, rudi ukisikia wamerudi.” Siku ya kwanza ya mgomo wa 2016, wagonjwa zaidi ya 100 wa hospitali ya akili ya Mathari, Nairobi, walitoka wakaenda zao. Magazeti yaliwaita watoro. Lakini nani angewaandikia ruhusa?

3. Mtafute aliyebaki. Mara nyingi wauguzi na maafisa wa kliniki wapo. Mwenye presha au kisukari ataongezewa dawa; aombe za miezi miwili, asione haya. Anayengoja upasuaji atapewa pole. Wahi lakini, kwa maana nao wana chama chao. Madaktari walirudi Machi 2017. Kufikia Juni wauguzi walikuwa nje, wakakaa huko hadi Novemba. Mwaka 2024 maafisa wa kliniki hawakungoja hata zamu: waligoma wakati mmoja na madaktari.

4. Ukienda hospitali ya binafsi, tangulia na mweka hazina. Huko hutaulizwa unaumwa wapi kabla ya kuulizwa nani analipa. Kundi la WhatsApp la familia lifunguliwe mapema, mjomba mwenye sauti awe mwenyekiti, na mchango uanze kabla ugonjwa haujapata jina. Hospitali za misheni ni nafuu zaidi, na kila aliyefukuzwa getini kwingine analijua hilo. Enda na kiti chako.

5. Usimtukane daktari kabla ya kusoma mkataba. Serikali ilitia saini makubaliano na chama cha madaktari, KMPDU, mwaka 2013. Hayakutekelezwa, ndipo ukaja mgomo wa 2016. Februari 2017 viongozi wa chama walifungwa jela kwa kudharau amri ya mahakama iliyowataka wausitishe mgomo. Kwa kuidharau saini ya 2013 hakufungwa mtu. Ukafuata mkataba wa 2017, na mwaka 2024 madaktari wakagoma wakiudai huohuo: daktari mwanagenzi aliahidiwa takriban shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikasema ina 70,000. Mgomo ukaisha kwa kutia saini karatasi nyingine. Unaona basi kwamba hawa watu hawashindwi kuandika. Uhodari wa kuandika wanao tele.

Atatokea mzee wa busara akukumbushe fahali wawili na nyasi. Mjibu kwa heshima kwamba nyasi hazilipi kodi, wala hazikatwi pesa za bima ya afya kila mwezi, mgomo uwepo usiwepo.

6. Siku ya kurudi kazini, usishangilie mapema. Kliniki zote zilizoahirishwa zitafika asubuhi moja, zikiwa na daftari, picha za eksirei na bibi aliyeshikwa mkono. Tarehe yako ya zamani imekufa, na foleni ya upasuaji imeanza upya bila kukuuliza ulikuwa wa ngapi. Omba tarehe mpya, na iandikwe. Kisha uliza swali moja ambalo kadi haina nafasi yake: mkataba uliomaliza mgomo huu umepangiwa kutekelezwa lini? Ukishaambiwa, hakikisha umepasuliwa, umeshonwa na umetolewa nyuzi kabla ya siku hiyo.