Kumbe Vumbi Linauzwa

Mtu mzima hapa Voi anaruhusiwa kupoteza wakati wake kwa njia zinazotambulika. Anaweza kukaa stendi kutwa nzima akitazama mabasi ya Mombasa na Nairobi yakipishana. Anaweza kubishania mpira wa Uingereza mpaka mishipa ya shingo imtoke, na timu yenyewe haijui kama yeye yupo duniani. Anaweza kuchambua siasa za kaunti kuanzia chai ya asubuhi hadi taarifa ya habari ya saa moja, asiulizwe na mtu. Lakini athubutu kukaa barazani kwake na kibano mkononi, akiunganisha gari la vita lenye urefu wa sentimita 14, uone mtaa mzima wa Mwakingali utakavyotaka kujua kama nyumbani kwake kuko salama.

"Mzee, hiyo ni ya mtoto?" kijana wa bodaboda aliniuliza.

Nikamwambia ni yangu.

"Pole," akasema, akawasha pikipiki.

Ngoja nieleze hapa mara moja, maana nimechoka kumweleza mmoja mmoja. Duniani kuna watu wanaojenga modeli za magari ya vita. Unanunua sanduku, ndani mna vipande vya plastiki vilivyoshikana kwenye fremu, vingine vidogo kuliko punje ya mchele. Unavikata kimoja kimoja, unavipiga msasa, unavigandisha, unavipaka rangi, halafu unaliweka gari kabatini ulitazame. Basi. Haliendi popote. Wengi wao wamezama kwenye vifaru: Tiger ya Wajerumani, Sherman ya Wamarekani, T-34 ya Warusi. Wako tayari kununiana miaka kwa sababu ya ribiti moja iliyokaa pasipo pake.

Mimi nikasema, nihangaike na vita vya watu kwa nini, na vyetu vipo? Agosti 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, Wajerumani walivuka mpaka wakaikamata Taveta. Mwaka 1915 Waingereza wakaanza kutandika reli kutoka hapa hapa Voi kuelekea Maktau ili wawafuate. Februari 12, 1916 wakakishambulia kilima cha Salaita na askari wa Afrika Kusini waliokuwa wametua juzijuzi. Mizinga ikapiga kilele cha kilima kwa bidii yote, na Wajerumani na askari wao wakiwa kwenye mahandaki chini, miguuni pa kilima, wanasubiri. Waliopanda walirudi mbio. Mwezi uliofuata Waingereza wakaja na jeshi kubwa zaidi, wakapigana kwenye vilima vya Latema na Reata, na Taveta ikarudi mikononi mwao. Haya yote yalitokea mahali ambapo leo mtu anapita kwa matatu amelala, mdomo wazi.

Kifaru hakikuwamo. Dar es Salaam ya Wajerumani ilianguka Septemba 4, 1916, na vifaru vya kwanza kabisa duniani viliingia vitani Septemba 15, huko Ufaransa. Vita vyetu hapa vilikuwa vimekwisha kupita kabla vifaru havijaanza kazi. Kwetu walileta magari ya deraya ya Rolls-Royce. Naam, Rolls-Royce ile ile ya matajiri. Walichukua chasisi ya Silver Ghost, wakaivisha mabamba ya chuma, juu wakaweka kibanda cha kuzunguka chenye bombomu, gari likafika tani nne, kisha wakalitupa kwenye miiba ya Maktau. Siku hizi mwenye Probox akinilalamikia barabara za ndani namtazama tu.

Basi nikaagiza langu kutoka ng'ambo, kipimo cha moja kwa thelathini na tano. Lilipofika, ofisi moja ambayo sitaitaja iliniita. Juu ya sanduku pana picha ya gari na bunduki. Mwenye dawati akaligeuzageuza, akaniuliza: "Hii ni silaha?" Nikamwambia ni plastiki. "Inapiga?" Nikamwambia haipigi. "Sasa inafanya nini?" Hapo nikakosa jibu, na kukosa jibu nako kuna ada yake. Ukijumlisha ada hiyo, bei na usafiri, kabatini kwangu pamekaa mbuzi dume mwenye afya.

Haya, kazi. Vitabu vya maelekezo vya modeli vimeandikwa na watu wasioijua Voi. Vinasema paka gundi, subiri, kisha bandika. Nani asubiri? Gundi hapa inakauka ikiwa bado njiani kutoka kwenye chupa. Ukiwasha feni upate nafuu, vipande vinaruka. Ukiizima, jasho linadondoka juu ya bombomu. Nikahamia barazani kufuata upepo wa jioni, na huko usukani ukaniponyoka kwenye kibano, ukadunda sakafuni mara moja, na kuku wa jirani akaumeza kabla sijainuka. Nilikwenda kumdai jirani usukani. Akanisikiliza kwa adabu zote, kisha akaniuliza nataka kuku achinjwe au ningoje. Nikalitengenezea gari usukani mwingine kwa waya wa shaba.

Halafu rangi. Nilimwendea fundi wa rangi wa gereji moja kando ya barabara kuu, mtu anayenyoosha matrela yaliyogongana na kuyarudisha barabarani yanang'aa. Akaliweka gari langu kiganjani, akalizungusha, akaguna kitaalamu. "Hili litataka msasa wa maji, filla hapa kwenye kiungo, piga andakoti, ndiyo uje na rangi. Nyembamba, mara mbili. Usiwe na pupa." Huyo ndiye mtu pekee mjini aliyelichukulia kwa uzito. Akakataa na pesa, akisema kwa ukubwa ule hajui atoze kwa nini.

Lakini rangi gani? Picha za wakati ule ni nyeusi na nyeupe. Watu wa modeli wakishabishana rangi hamlali: huyu anasema kijivu, yule anasema kaki, wa tatu ana babu aliyeona. Mimi nimeipitisha hukumu yangu na sipokei rufaa. Lichukue gari la rangi yoyote unayotaka, liendeshe kutoka Voi mpaka Maktau kwenye njia ya udongo wa 1916, ukifika niambie lilikuwa na rangi gani. Ni jekundu. Hata dereva ni mwekundu. Hata chai yake.

Na hapa ndipo nilipojua kwamba dunia imetuacha nyuma. Kuna hatua ya mwisho inayoitwa kuchakaza, ambapo gari jipya unalitia kutu, matope na vumbi mpaka lionekane limetumika. Na vumbi hilo linauzwa! Kwenye vichupa, kila kichupa na lebo yake: vumbi la Ulaya, vumbi la Afrika Kaskazini, udongo mkavu, udongo mbichi. Mtu mzima, mwenye kazi na pensheni, anatoa pesa kununua vumbi. Hapa Voi tunalipa kijana wa kuosha magari alitoe, na kesho yake limerudi bila kuitwa. Tumekalia mgodi halafu tunalia hakuna ajira.

Nikatoka nyuma ya nyumba na kijiko, nikachota langu. Kumbe wenye vichupa wana sababu. Punje ya mchanga ya milimita moja, kwenye kipimo changu, ni jiwe la sentimita tatu na nusu. Ukilimwagia gari langu udongo wa Voi ulivyo, linaonekana limepigwa mawe na wananchi wenye hasira. Lazima udongo utwangwe, uchekechwe, utwangwe tena mpaka uwe laini kupita poda ya mtoto. Mama watoto akanikuta jikoni na kinu na chujio la chai. Chujio hilo nililinunua mwenyewe, kwa kazi hiyo, na liliwekwa mbali na vyombo, lakini kuna hali ambazo mwanamke hasikilizi ushahidi.

"Baba watoto, unatwanga udongo?"

"Ni vumbi."

"Tangu tuoane natoa vumbi nyumba hii. Leo wewe unaliandaa."

Akafungua mfereji anawe mikono, mfereji ukakohoa, ukanyamaza. Hilo nalo ni kosa langu? Katika vita vile Waingereza walitandika bomba la maji kutoka vilima vya Bura hadi kambi ya Maktau, watu na nyumbu wakanywa. Leo Chemchemi za Mzima ziko huko Tsavo Magharibi, bomba lake linakwenda Mombasa, na mimi naosha brashi kwa maji ya mtungi yaliyokuja kwa mkokoteni.

Kuna mtoto wa shule hapo jirani ambaye hutengeneza magari ya waya na makopo, magurudumu ya malapa yaliyokatika. Alikuja akachuchumaa, akalitazama gari langu kwa muda mrefu. "Linatembea?" Nikamwambia hapana. "Usukani unapiga kona?" Hapana. Akaniambia kwa huruma kwamba akipata mkebe wa maziwa na shilingi mia ataniundia linalotembea kabla ya magharibi. Niliona haya kumweleza langu lilinigharimu ngapi.

Lakini kinachonikera hasa ni kwamba ndani ya sanduku lile mlikuwa na Wazungu peke yao. Dereva, mpiga bombomu na ofisa mwenye kofia anayeonyesha kidole kusikokuwa na kitu. Sasa nani alifyeka njia gari lipite? Nani alibeba risasi na magunia ya unga gari lilipokwama? Vita hivi vilikwenda kwa miguu na vichwa vya wapagazi wa Kariakoo, kikosi cha wabeba mizigo cha Waingereza, na makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, si kwa risasi. Hapo Kasigau, Waingereza waliwashuku wenyeji kuwa wanawasaidia Wajerumani, wakawakusanya na kuwahamishia Malindi kwa nguvu. Nenda makaburi ya vita hapa Voi: yamefyekwa vizuri, mawe yamenyooka, yumo Luteni Dartnell wa Australia aliyekataa kuwaacha majeruhi wake, akafa karibu na Maktau Septemba 1915, akapewa Msalaba wa Victoria. Anastahili. Mpagazi wa Mwatate mtafute wewe. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayoyatunza makaburi hayo ilikiri kwamba maelfu kwa maelfu ya waliokufa upande huu wa dunia hawakuandikwa majina popote.

Kwa hiyo nimeanza kuwachonga mwenyewe, kwa udongo wa kufinyangia na waya ndani, kila mmoja sentimita tano, mzigo kichwani. Sanamu ya kumbukumbu ya vita ya Kenyatta Avenue kule Nairobi nimeitazama, mpagazi yumo, lakini yule ni shaba mwili mzima, hanisaidii kwenye rangi. Wapagazi walipewa blanketi, hilo najua. La rangi gani? Kijivu? Kahawia? Lilikuwa na mistari? Vitabu vya modeli vina kurasa nzima za vifungo vya koti la ofisa, na juu ya blanketi la Mtaita hamna hata sentensi.

Basi wewe unayesoma hapo Wundanyi, Mgange, Bura, Kasigau au Taveta: kama kwenu kuna bibi au babu aliyesimuliwa blanketi hilo lilivyokuwa, muulize leo, kisha uje uniambie. Rangi ninazo.