Ripoti ya Dharura Kutoka Stejini Uriri

Kwa Waziri wa Afya,
Afya House, Nairobi.

KUH: UTAFITI WA HUDUMA ZA DHARURA USIO NA MFADHILI

Mheshimiwa Waziri,

Tunakuandikia kutoka Uriri, kandokando ya barabara ya Migori kwenda Kisii, ambako malori na trekta za miwa hazitunyimi kazi mchana wala usiku. Tumesikia kuwa utafiti wa kasualti sasa ndio mtindo: ubora wa huduma, gharama zake na hali ya wahudumu. Sisi waendesha bodaboda, ambulensi ya kwanza ya wengi hapa, tumeona ni dhambi kukalia data. Matokeo yetu ndiyo haya, na hatudai posho wala warsha ya Naivasha.

Kwanza, ubora. Kwenye karatasi hatuna mpinzani. Kifungu cha 43(2) cha Katiba ya 2010 kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Oktoba 2015, Alex Madaga, aliyegongwa na gari Nairobi, alikaa saa 18 ndani ya ambulensi akitafutiwa kitanda, na mwishowe akafariki. Miaka miwili baadaye ikaja Sheria ya Afya ya 2017, na faini kwa hospitali yenye uwezo itakayokataa mgonjwa wa dharura. Hongereni. Ila sheria hiyo humngoja mgonjwa langoni mwa hospitali. Kutoka shamba la miwa hadi langoni, tunaye sisi: amebanwa kati ya dereva na shemeji yake, mguu umefungwa leso, na kila tuta anaomba Mungu kwa Kijaluo.

Tukiulizia ambulensi, Nairobi hutuonyesha Jedwali la Nne la Katiba: hiyo ni kazi ya kaunti. Kaunti nayo hutuonyesha Nairobi: pesa hazijafika. Ugatuzi umefaulu, mheshimiwa; hata kidole cha lawama kimegatuliwa.

Kuhusu muda wa kungoja, Waingereza, maskini, walijiwekea lengo kuwa wagonjwa 95 kati ya 100 wamalize shughuli za kasualti ndani ya muda wa saa nne. Tangu Julai 2015 hawajalifikia, na kila mwezi wanatangaza aibu yao hadharani. Kwetu saa ya mgonjwa huanza kuhesabiwa akisajiliwa. Akifia njiani, takwimu zenu hubaki safi.

Pili, gharama. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Siku hizi huulizwa kitambulisho, kisha kama amelipa SHA, bima ya afya ya serikali. Tangu Oktoba 2024, aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Mkata miwa, ambaye mshahara wake hauna tarehe, kiwango chake cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, nazo akatakiwa azitoe za mwaka mzima kwa mkupuo. Sheria iliyoleta SHA ndiyo iliyounda pia Hazina ya Dharura na Magonjwa Sugu, ambayo serikali inapaswa kuitilia fedha. Tunaiamini kama tunavyoiamini mvua: ipo, ila haijulikani itanyesha kwa nani. Wakati tunaingoja, jamaa za mgonjwa hutumwa ng'ambo ya barabara kununua glavu na mirija ya dripu, nasi hulipwa mafuta kwa kuku.

Tatu, hali ya wahudumu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa kuchakaa kwa mtu kazini si ugonjwa, ni matokeo ya msongo wa kazini usiodhibitiwa. Habari njema sana kwa Hazina Kuu: kisicho ugonjwa hakihitaji dawa! Malipo nayo: mkataba wa 2017 kati ya serikali na madaktari uliwaahidi madaktari wanagenzi shilingi 206,400 kwa mwezi. Mwaka 2024 serikali ikawapangia 70,000. Madaktari waligoma siku 56, kuanzia Machi hadi Mei. Muuguzi wa zamu ya usiku, mwenye kipima presha kimoja na majeruhi wa matatu nzima, hahitaji dodoso la kumuuliza amechoka kiasi gani, kutoka moja hadi tano. Mtazame tu akiandika jina la mgonjwa: kalamu inasinzia kabla yake.

Mapendekezo yetu ni mafupi. Hazina ya dharura ijazwe na hospitali zilipwe kwa wakati. Ambulensi zitiwe mafuta kabla ya kupakwa rangi mpya. Wahudumu wapewe mlichowatilia sahihi. Na sisi mtufunze huduma ya kwanza, maana mmetuajiri bila kutuambia.

Mengine yote mnayajua. Kilichokosekana Uriri ni utekelezaji, na huo hauhitaji utafiti. Mtafiti wenu mwingine akija, aje akiendesha ambulensi, na asirudi nayo.

Wako mtiifu,
Mwendesha bodaboda, Uriri.