Kifurushi Kimefika, Mwenyewe Sijakiona

Kwenu wana baraza wa Ngamiani,

Dhumuni la barua hii ni kumjibu Shangazi, ambaye juzi alinisimanga kwenye simu, tena spika imefunguliwa na kahawa inamiminwa: "Wewe si ulisema huko kila kitu kinaletwa mlangoni? Sasa hilo koti limepotelea wapi?" Nikasikia na vicheko nyuma yake. Nilijaribu kujibu kwa meseji ya sauti, lakini habari yenyewe haitoshi mle. Basi naandika.

Ni kweli, Shangazi, kila kitu kinaletwa. Hapa Leicester mtu anaweza kujifungia ndani mwezi mzima akaletewa sukari, godoro, balbu na chakula cha paka. Watu hununua kwa simu wakiwa bado kitandani, na asubuhi magari meupe yanaanza kupita. Wapo madereva wenye sare. Wapo wanaokuja na gari lao la nyumbani, mtoto kakaa kiti cha nyuma, maboksi yamemfika kidevuni. Na yupo tarishi wa posta yenyewe, ambaye huvaa kaptula katikati ya Januari, baridi inakata masikio. Kwa nini anavaa kaptula, sijapata wa kunieleza, na wenyeji wanaona mimi ndiye mwenye swali la ajabu.

Msidhani kwamba wanapotea njia. Kila mtaa una postikodi yake ya herufi na tarakimu. Walianza kuijaribu mjini Norwich mwaka 1959, na kufikia 1974 nchi nzima ilikuwa imeshapata. Postikodi moja kwa wastani inashika nyumba 15 hivi, kwa hiyo ukiandika hiyo na namba ya mlango, umemaliza. Jina la mtaa unaandika kwa adabu tu. Hakuna cha "ukifika kwenye mwembe ulizia kwa fundi redio." Najua na sisi serikali imetuwekea vibao na postikodi, ile operesheni ya 2022, lakini nawafahamu, bado mnaelekezana kwa mwembe.

Juu ya postikodi kuna ramani. Siku ya mzigo, simu inakuonyesha kigari kinatembea mitaani, na maneno chini yake: umebakiza nyumba tisa, umebakiza nyumba sita. Mtu mzima unaacha chai inapoa, unatazama kigari. Siku ya koti nilikitazama mpaka kikaingia mtaa wetu, nikasogea dirishani, nikaliona gari lenyewe kwa macho, taa zinawaka na kuzima. Dereva akashuka na boksi mkononi. Akapita nyuma ya ua wa michongoma, akarudi mikono mitupu, akaingia garini, akaondoka. Kengele ya mlango haikulia. Simu ndiyo iliyolia: kifurushi chako kimepokelewa.

Kimepokelewa na nani, na mpokeaji nimesimama dirishani na soksi?

Ikafuata picha. Huku picha ndiyo ushahidi. Dereva akishapiga picha, kesi imekwisha. Yangu ilikuwa na kona ya boksi, ncha ya kiatu cha dereva, na kitu cha plastiki ya kijani kilichojaza nusu ya kioo. Chini wameandika: kimewekwa mahali salama. Nikaikuza ile picha kwa vidole viwili, nikaivuta huku na huku, mpaka nikaona namba ya nyumba yangu, ile niliyoibandika kwa mkono wangu, imelala ubavuni mwa ile plastiki. Mahali salama palikuwa ndani ya pipa langu la taka. Na pipa lilikuwa limeshasogezwa kando ya barabara, kwa sababu ile ilikuwa siku ya gari la taka.

Nilitoka na kikoi na kandambili. Fikirieni wenyewe: koti la baridi liko ndani ya pipa, na mimi nalifuata baridini bila koti. Lori lilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwangu, limeshapita. Nikapiga kelele. Jamaa mmoja wa taka akasimama, akatazama kikoi, akatazama miguu yangu, kisha akanyoosha kidole kwa upole kuelekea mdomo wa lori, ambao wakati huo ulikuwa unatafuna.

Kwetu mtu angepanda juu ya lori. Huku unarudi ndani, unafungua simu na kulalamika. Namba ya kupiga haipo, au ipo mahali ambapo waliificha wenyewe. Kuna roboti la kuandikiana nalo, limepewa jina la kike, lina bashasha ya mwalimu wa chekechea. Nawanukulia mazungumzo yetu kama yalivyokuwa, ila nimeyatia Kiswahili:

"Habari! Nikusaidie nini leo?"

"Kifurushi changu kimewekwa kwenye pipa la taka, na taka zimechukuliwa."

"Habari njema! Kifurushi chako kimeshafika."

"Hakijafika. Kimeliwa na lori."

"Samahani, sijakuelewa. Je, ungependa kubadilisha siku ya kuletewa?"

"Nataka kuongea na mtu."

"Naelewa kabisa. Tafadhali andika namba ya mzigo."

Nikaandika.

"Habari njema! Kifurushi chako kimeshafika."

Kisha likaniomba nyota, kuanzia moja mpaka tano, kwa huduma niliyopata.

Aliyenitoa kwenye ujinga huu ni bibi wa nyumba ya pili. Ni Mhindi, kazaliwa Jinja. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke Uganda, halmashauri ya Leicester ilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije huku, mji umejaa. Wakaja. Leo ukipita Belgrave Road wakati wa Diwali, taa na dhahabu za madukani zinakufumba macho. Bibi huyu Kiswahili anacho, kile cha dukani cha zamani, hakijaguswa tangu alipopanda ndege. Yeye ndiye posta halisi ya mtaa wetu. Yuko nyumbani kutwa, na madereva wote wanamjua, kwa hiyo mlango wa mwenye mzigo usipofunguka haraka, mzigo unaenda kwake. Ukumbi wake mwembamba una maboksi ukutani mpaka kwenye ngazi. Anayapanga kwa namba za nyumba, na anajua nani ananunua viatu kupita kiasi.

Nikamweleza habari ya roboti. Akatikisa kichwa. "Wewe kijana, hapana gombana na gari. Pesa wewe lipa nani? Lipa duka. Basi gombana na duka."

Wana baraza, hilo ndilo nililotaka mlisikie. Nilikuwa najiona mteja wa ile kampuni ya vifurushi. Si mteja wake hata kidogo. Mteja ni duka. Duka ndilo lililoingia mkataba na kampuni, duka ndilo linalolipa, na likichoka linahamia kampuni nyingine. Mimi kwa kampuni ni mlango tu. Ndiyo maana roboti halinisikii: halikuwekwa pale kunisikiliza, limewekwa nichoke.

Na tena haikuanza leo. Zamani hapa Uingereza barua ilikuwa kwa kawaida inalipiwa na mpokeaji, mlangoni. Asiyepatikana hatoi pesa, kwa hiyo tarishi alikuwa na kila sababu ya kukutafuta mpaka akuone uso. Bwana mmoja, Rowland Hill, akashika bango kwamba utaratibu ule ni ghali na wa hovyo, na mwaka 1840 ikatoka stempu ya kwanza ya posta duniani, ile nyeusi ya peni moja yenye kichwa cha Malkia Victoria. Tangu hapo anayelipa ni anayetuma. Sikatai, barua ikawa rahisi na hata maskini akaandika. Lakini mpokeaji akaacha kuwa mteja, na nadhani ndipo safari ya kuelekea kwenye pipa langu ilipoanza. (Posta yenyewe, ambayo mizizi yake ni kwa Henry VIII, yule mfalme wa wake sita, iliuzwa hisa mwaka 2013, na tangu 2025 mwenye nayo ni tajiri kutoka Czech. Taji bado limechorwa kwenye magari.)

Basi nikaliandikia duka. Duka nalo likajaribu kunirudisha kwa kampuni: "Tafadhali wasiliana na msafirishaji." Nikawatajia Sheria ya Haki za Watumiaji ya 2015, kama alivyonifundisha bibi, ambaye ameitumia mara nyingi kuliko mawakili. Sheria inasema mzigo uko juu ya muuzaji mpaka umfikie mnunuzi mwenyewe, au mtu aliyetajwa na mnunuzi. Ukichagua mwenyewe kwamba uachwe mahali fulani, hapo ni shauri lako. Mimi pipa sikulichagua. Nani anachagua pipa? Baada ya hapo lugha yao ikalainika, na pesa zikarudi. Koti halikurudi. Ninalovaa sasa nimelinunua duka la hisani, zile nguo wanazotoa sadaka, ambazo nyingi huishia kwenye marobota huko kwenu. Hili nimelidaka kabla halijapanda meli.

Dereva simlaumu sana, na msinicheke. Siku moja nilimkuta mmoja amesimama mbele ya nyumba yetu, mkate mkono mmoja, usukani mkono wa pili, kifaa cha kusoma vifurushi kimelala pajani kinapiga kelele. Nilimkaribisha maji. Akasema hawezi kushuka. Alikuwa bado na nyumba zaidi ya mia, na wengi wao hulipwa kwa kifurushi, si kwa saa. Kusubiri mimi nivae viatu nije mlangoni ni pesa inamtoka mfukoni. Kuna filamu ya Ken Loach ya mwaka 2019 kuhusu dereva wa namna hiyo pale Newcastle, na jina lake wamelitoa kwenye ile kadi wanayokuachia mlangoni kwamba samahani, tumekukosa. Niliiangalia nikitaka kucheka, nikashindwa.

Sasa nakumbuka mabasi yetu. Boksi linafungwa kamba ya manila, linaandikwa jina na namba ya simu kwa maka peni, unalipa ofisini kwa basi, unatumiwa namba ya gari. Halafu kondakta anapiga: "Oya, tupo Chalinze, mzigo wako ninao." Sisemi ni malaika. Nilipokuwa nasoma Dar es Salaam, kiroba cha machungwa ya Muheza hakikuwahi kufika na idadi aliyohesabu Mama, na kondakta alikuwa akishuka ananukia maganda. Lakini tulimlipa sisi, kwa mkono wetu, na kesho yake alikuwa lazima apite palepale. Nilimdai mara moja mbele ya abiria wake, akanipa soda na nusu ya nauli. Roboti la huku huwezi kulidai mbele ya abiria.

Bibi wa Jinja nilimsimulia habari ya kondakta. Akacheka mpaka akashika ukuta wa maboksi, akasema hata baba yake alikuwa akituma vitambaa kwa basi kwenda Kisumu, na kila robota lilipungua mita mbili, "kodi ya kondakta." Walikuwa wanaziweka kwenye bei tangu mwanzo.

Nimeambiwa kwamba Mama anafunga kifurushi cha kunitumia. Naomba mmfikishie haya leo hii, kabla hajaenda posta. Samli asitie, vitu vya maziwa na nyama kutoka kwetu haviruhusiwi kuingia hapa, hata iwe kijiko kimoja, watavitupa. Zawadi ikizidi thamani ya pauni 39 inadaiwa kodi, na anayedaiwa ni mimi niliyepewa zawadi, kwa hiyo atie ubuyu, viungo vya pilau na kanga mbili, basi. Na huo ubuyu asiupe kampuni yoyote, hata wakimwonyesha ramani yenye kigari. Yule kijana wa duka la baiskeli anakuja huku masomoni mwezi ujao. Mpeni yeye, aweke kwenye begi la mkononi. Aniandikie siku na ndege anayokuja nayo, nami nitampokea mwenyewe Heathrow.