Kikamulio Kinachoogopa Limau

Mwaka 1990 kampuni ya Alessi ya Italia ilitoa kikamulio cha limau kilichobuniwa na Mfaransa Philippe Starck. Kinaitwa Juicy Salif: kichwa cha alumini juu ya miguu mitatu mirefu, mithili ya buibui aliyepandwa na mashetani. Chujio hakina, hivyo kokwa hujiangukia zenyewe glasini. Haidhuru, kinagusa moyo! Donald Norman, aliyeandika kitabu kizima kuhusu ubunifu na hisia mwaka 2004, alikiweka nyumbani kwake kama pambo. Tena chake kilipakwa dhahabu, kikaja na onyo kwamba asidi itakiharibu. Yaani kikamulio, halafu limau mwiko. Mgeni akiomba juisi, sijui anapewa nini; labda maelezo.

Sasa waunda programu za simu nao wamehitimu chuo hichohicho cha kugusa moyo. Muamala ukikwama, kioo kinakuletea kikatuni chenye macho ya huruma, kinakupa pole kwa jina lako la kwanza. Adabu hiyo hata wakwe hawana. Ndugu wabunifu, tuguseni moyo mpendavyo, ila pesa ifike kwanza.